Upana wa Ngazi ya Nyuma

Jengo tulilokuwa tukishonea lilijengwa na babu wa mwenye nyumba, siku za mwanzo za reli, katika mtaa wa maduka ya zamani karibu na bandari ya Kisumu. Chini duka, juu makao: ndivyo Wahindi wa wakati huo walivyojenga. Kuta zilikuwa nene, sakafu ya juu ilikuwa ya mbao, paa la mabati, na mbele kulikuwa na veranda ya ghorofani yenye nguzo za chuma. Familia ilipohamia nyumba kubwa zaidi, ghorofa ya juu ikapangishwa mafundi wa nguo. Nilipoingia mimi tulikuwa wanawake tu, cherehani zimepangwa ubavu kwa ubavu, na mwenyekiti wetu alikuwa mjane mmoja Mkikuyu, mnene, mcheshi, ambaye mumewe alimleta Kisumu kuuza spea za magari na ambaye aligoma kurudi kwao mume alipofariki. Yeye alipokea wateja na kugawa kazi. Mimi nilikuwa mkataji. Hakuna suti ya harusi wala joho la kwaya lililotoka pale bila kupitia mkasi wangu.

Mguu wangu wa kushoto uliharibiwa na polio nikiwa mdogo, kwetu Maseno, kwa hiyo natembea kwa magongo mawili. Nalitaja jambo hili mapema ili tusije tukashtuana baadaye. Watu wakishaliona hupunguza sauti wanaponisemesha, kana kwamba polio ilishika masikio, na hapo ndipo mdomo wangu huharibika.

Ngazi ilikuwa moja, ya mbao, upande wa mbele, ikipanda kati ya duka la magodoro na duka la dawa. Nilikuwa naipanda kila asubuhi bila msaada, mkono mmoja kwenye reli ya kushikilia, magongo yote kwenye mkono wa pili. Madirisha ya juu yote, pamoja na veranda, yalikuwa na vyuma vya kuzuia wezi. Vyuma hivyo tuliviomba wenyewe baada ya kuibiwa majora ya vitambaa, na vilipowekwa tulimshukuru mwenye nyumba kwa soda na mandazi.

Moto ulianza mchana, stima iliporudi kwenye nyaya baada ya kukatika asubuhi nzima. Kitu fulani kililipuka katika stoo ya magodoro, nyuma ya duka la chini. Sisi tuliuona moshi ukipenya kati ya mbao za sakafu, mwembamba, na mwenyekiti akadhani kuna mtu ameacha pasi juu ya kitambaa. Akatugombeza kidogo. Kisha tukamsikia mwenye magodoro akipiga mayowe huko chini kwamba watu watoke.

Hapo tukafanya jambo ambalo nadhani ni mafundi wa nguo tu wanaoweza kulifanya. Hakuna aliyekimbia. Kila mmoja alishika nguo za wateja. Fundi anaweza kuunguza nyumba yake mwenyewe akapewa pole, lakini bwana harusi aliyekwisha kupimwa suti haelewi habari za moto. Ilikuwa wiki ya harusi mbili, na sare za shule moja ya bweni zilikuwa zimekunjwa mezani zikisubiri kuchukuliwa. Mwenyekiti akasimama juu ya ngazi akiamrisha. "Tupa chini. Tupa tu, tutaokota huko barabarani." Nguo zikaanza kuruka: suti, magauni ya satini, sare, majora mazima. Mimi pia nilikuwa nikipitisha vitambaa kutoka meza yangu, na niliona tunatumia akili sana.

Ngazi ikajaa. Wenye miguu miwili walishuka wakikanyaga nguo, wakiteleza, wakishikana. Mwenyekiti alikuwa wa mwisho kabla yangu. Alikuwa amekumbatia gauni la bibi harusi, akaniambia, "Nifuate, nyar Maseno, niko hapa mbele." Nyar Maseno, yaani binti wa Maseno, ndivyo wote walivyoniita. Nikaweka gongo la kwanza kwenye kipandio cha juu, likazama ndani ya satini, likateleza. Nikajaribu tena. Gongo linataka kitu kigumu chini yake, na pale palikuwa na rundo la nguo mpaka magotini. Chini, moshi mweusi wa magodoro ulikuwa umeshaingia kwenye ngazi na nguo za chini kabisa zilianza kushika moto.

Aliyenitoa ni mbeba mizigo wa mtaani, mtu ambaye sikuwa nimewahi hata kumsalimia. Alipanda juu ya zile nguo kwa mikono na miguu, akanipa mgongo, akasema, "Panda, mama." Nikapanda. Magongo niliyaacha yakaungua. Nje palikuwa na umati, simu zimeinuliwa juu, na mtu mmoja akapiga picha nikiwa mgongoni mwa yule bwana, sketi imepanda pasipotajika, mguu wangu mwembamba ukining'inia hadharani. Hakuna aliyekufa. Paa lilianguka, sakafu ikaungua yote, kuta zikabaki. Ile picha ilinifikia mimi mwenyewe kabla ya jioni, imetumwa na binamu aliye Nairobi akiuliza kama ni mimi.

Yule bwana bado namshukuru, na tukikutana tunasalimiana vizuri sana. Lakini siku ile ile niliapa kwamba sitabebwa tena.

Tukatawanyika. Nilijaribu kukatia nguo sebuleni kwangu Migosi, kwenye nyumba ya kupanga, nikakuta wateja wanakuja saa ya chakula na wanataka kukaa. Mwenyekiti akapata kibanda cha mabati sokoni Otonglo, kando ya barabara ya Busia, akaniita. Meza yangu iliwekwa mbele, upande wa barabara, kwa sababu ndani kulikuwa na giza. Vumbi la malori nililizoea. Ambalo sikulizoea ni hili. Siku moja nimeinama nachora kitambaa kwa chaki, magongo mapya yameegemea meza, mama mmoja aliyekuwa akipita na Biblia yake kwapani akasimama. Akaweka sarafu juu ya kitambaa, akasema, "Mungu akuone." Nikamrudishia. Akanisihi niichukue. Nikamwambia mimi ni fundi, na kama anataka kunisaidia alete nguo. Akaenda zake akitikisa kichwa, na sarafu akaiacha. Ilitokea tena na watu wengine, mpaka nikaanza kuficha magongo chini ya meza.

Hilo ndilo jibu langu kwa wanaoniuliza kwa nini nang'ang'ania ghorofa. Anayepanda ngazi amekuja kumwona mkataji. Anakuta meza pana, mwanga wa dirisha, na mwanamke mwenye mkasi anayemwambia asimame wima aache kuvuta tumbo ndani. Kando ya barabara, mwanamke aliyeketi na magongo ni kitu kingine machoni pa watu, hata ashike mkasi wa dhahabu. Nilitaka meza yangu ya juu. Katika habari yote ya kujenga upya sikuwa na haja nyingine.

Mwenye nyumba ni mzee mpole. Alizaliwa mle mle ghorofani, na Dholuo yake ni safi kuliko ya mwenyekiti, jambo ambalo mwenyekiti halipendi kukumbushwa. Watu walimshauri aangushe kuta auze kiwanja. Watu wa makumbusho wakamwambia jengo ni la kale, linalindwa na sheria, uso wa mbele urudi ulivyokuwa, sakafu irudi ya mbao, na asithubutu kutoboa ukuta. Zimamoto nao wakamwambia hatapangisha ghorofa ya juu tena mpaka iwe na njia ya pili ya kutokea, na njia ya pili haipatikani bila kutoboa ukuta. Mzee wa watu akawa anakuja anasimama katikati ya mkaa, ameshika kiuno. "Koro watim nang'o?" aliniuliza siku moja. Sasa tufanye nini? Nikamwambia hata mimi nilitaka kumuuliza hivyo hivyo.

Akaitisha mkutano pale pale ndani ya kuta, juu yetu mbingu tupu. Alikuja afisa wa zimamoto, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Alikuja pia msanifu majengo, dada mmoja ambaye mwenye nyumba alimwajiri achore ramani. Mafundi tulikuwa wote. Afisa akaeleza kwamba kila atakayefanya kazi juu ni lazima aweze kushuka mwenyewe, haraka, bila kuwazuia wengine. Alikuwa akitutazama mmoja mmoja anapozungumza, na alipofika kwangu akaniruka. Niliona aliponiruka.

Mwenyekiti ndiye aliyelisema. Lilikuwa vichwani mwa wote, yeye akalitoa mdomoni.

"Huyu wetu tumtafutie nafasi chini. Hapo chini ya ngazi, karibu na duka la dawa, patamtosha. Vitambaa sisi tutamletea."

"Nani amekuambia nataka kuletewa vitambaa?" nikauliza.

"Usinikasirikie, mama. Mimi nafikiria tu. Ngazi ni nyembamba. Ukitangulia, sisi wote tuko nyuma yako na moto uko nyuma yetu. Ukifuata, tutakuacha." Akatazama chini. "Si tulishakuacha."

Tangu siku ya moto hatukuwa tumeligusa neno hilo, mimi na yeye. Nilikuwa na maneno makali tayari mdomoni, nikayameza, kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Naenda polepole. Kwenye ngazi ya upana ule mtu mmoja wa polepole ni kizibo. Nilikuwa nikijua hivyo miaka yote; ndiyo maana nilikuwa nafika kazini kabla ya wengine, nipande nikiwa peke yangu. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ukingo wa baraza la duka la dawa, nikalia, na sikujali nani ananiona.

Kilichotuokoa ni mvua. Plasta ya ndani ilikuwa imepasuliwa na joto, na masika yalipoanza ikawa inabanduka vipande vizima. Asubuhi moja msanifu alikuja kupima, akakuta kwenye ukuta wa nyuma, huko juu, umbo la mlango. Kulikuwa na tao la matofali, na ndani ya tao matofali ya rangi nyingine yaliyotumika kuziba. Upande wa nje, chini yake, kulikuwa na mashimo yaliyowahi kushika vyuma. Akampigia mwenye nyumba simu. Mzee akaja, akatazama, akaanza kucheka kama mtu aliyekutwa na nguo ya ndani kwenye kamba ya jirani.

"Ni mlango wa choo," akasema.

Akatueleza alivyosimuliwa na nyanya yake. Kabla mabomba hayajaletwa mjini, choo kilikuwa cha ndoo, na mfanyakazi wa kuondoa ndoo hakutakiwa kupita ndani ya nyumba. Alikuja kwa kichochoro cha nyuma, akapanda ngazi ya chuma, akaingia kwa mlango mdogo, akatoka na mzigo wake bila kuonwa na mtu. Mabomba yalipofika, mlango ukazibwa na ngazi ikang'olewa. Familia haikuwa na hamu ya kulikumbuka jambo hilo.

Msanifu hakucheka. Alisema kama mlango ulikuwepo tangu mwanzo, basi kuufungua si kutoboa ukuta wa kale. Ni kuurudisha kama ulivyokuwa. Watu wa makumbusho wakaja, wakagonga, wakakwaruza, wakakubali. Zimamoto wakakubali. Aliyepinga alikuwa mwenyekiti.

"Yaani mimi niteremke kwa ngazi ya wabeba ndoo?"

"Moto ukija," nikamwambia, "utateremka hata ndani ya ndoo."

"Wewe una mdomo mbaya."

"Ndicho kitu changu pekee chenye miguu miwili."

Akacheka bila kutaka. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kufikiria. Ramani ya kwanza ya msanifu ilikuwa na ngazi ya kuzunguka, kama ile ya zamani, kwa sababu kichochoro ni chembamba. Nikakataa. Kipandio cha ngazi ya kuzunguka ni chembamba upande mmoja na kipana upande wa pili, na gongo halijui kuchagua. Akaifuta bila ubishi, akachora ngazi ya zege iliyonyooka, inayoshuka ikiambaa ukuta wa nyuma. Nikamuuliza itakuwa na upana gani. Akanionyesha. Nikamuuliza swali moja tu: nikiwa katikati ya hiyo ngazi, na mtu yuko nyuma yangu, anaweza kunipita?

Akafikiri, akasema kwa kweli hajui.

"Basi tupime," nikasema.

Sakafu ya juu haikuwepo bado, kwa hiyo tulipimia chini, pale lilipokuwa duka la magodoro. Nikatoa chaki na tepu yangu ya shingoni. Kwenye ngazi huwa nashika reli kwa mkono mmoja na magongo yote kwa mkono wa pili, kiwiko kimetoka nje, kwa hiyo huwezi kunipima kama mtu aliyesimama tu. Nikasimama hivyo, nimeegemea ukuta kana kwamba ndio reli. Kisha nikamwita mwenyekiti.

"Njoo hapa. Simama kama unanipita."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu ukipita wewe, kila mtu atapita."

Wote wakacheka, na yeye pia, maana unene wake haujawahi kumtia aibu. Akaja akasimama kando yangu, nyonga yake imegusa kiwiko changu. Msanifu akapiga magoti na chaki, akachora mstari nje ya kiatu cha mwenyekiti.

"Pima vizuri, usinibane," mwenyekiti akaniambia.

"Nimekushonea miaka yote hii. Nimewahi kukubana?"

"Ile ya Krismasi."

"Ile ulinenepa baada ya kupimwa."

Tukatembea hivyo, mimi polepole, yeye akinipita, mara kadhaa, msanifu akisogeza mstari wake kila tulipogusana. Kulikuwa na mkao mmoja ambapo alinipita bila kunisukuma na bila yeye kujikunja. Tukasimama hapo. Mimi nikapima kwa tepu yangu ya kitambaa, msanifu akapima kwa yake ya chuma, tukapata sawa. Niliona raha ambayo sikuwa nimeiona tangu moto, raha ya kawaida tu ya kukata kitu kikamkaa mtu.

Shida ilikuwa kwamba upana ule haukuingia nyuma ya jengo. Msanifu akatazama ramani, akasema itabidi kula kistoo cha kona, kilichojengwa nje ya ukuta wa nyuma, chumba kidogo ambacho moto haukukifikia na ambamo mwenye nyumba alihifadhi vitu vya duka la babu yake: mizani, meza ya mauzo, makopo makubwa ya majani ya chai. Sote tukamtazama mzee. Akaenda akafungua kistoo, akasimama mlangoni, ametugeuzia mgongo. Sikumwomba. Nilitaka sana kumwomba, lakini sikuweza kumwomba mtu avunje chumba cha babu yake kwa ajili ya kiwiko changu.

"Ber," akasema mwishowe. Sawa. Kisha akaongeza kwa Kiswahili, ili mwenyekiti naye asikie, "Mke wangu atanigombeza nikimletea hiyo mizani nyumbani. Mtakuja kunitetea." Nilimpenda yule mzee siku ile, na nilimwambia hivyo, akaona haya.

Ujenzi ulikwenda kwa mwendo wa ujenzi. Mara simiti imekwisha, mara mafundi wamekwenda kwenye matanga, mara watu wa makumbusho wamekataa bawaba kwa sababu hazifanani na za zamani. Sakafu ikarudi ya mbao, zimepakwa dawa ya kuchelewesha moto, na chini yake ikawekwa dari nzito ili moshi wa dukani usitupandie tena. Mwenye magodoro akapewa masharti ya stoo, akayapokea kwa mguno. Vyuma vya veranda vikafanywa vya kufunguka kwa ndani. Mlango wa nyuma ukawa wa kufunguka kwa nje, wenye chuma cha kusukuma ambacho hata mtu mwenye mikono iliyojaa anakisukuma kwa tumbo. Na hata hivyo, wiki ya kwanza tuliporudi, nikakuta mnyororo na kufuli kwenye mlango huo. Wezi, wakasema wenzangu. Ni usiku tu, wakasema. Afisa wa zimamoto alipopita kukagua aliuliza ufunguo uko kwa nani, na kila mmoja akamwonyesha mwenzake. Mnyororo ukaondolewa siku hiyo hiyo.

Meza yangu ilikuwa juu, dirishani. Mteja wa kwanza aliyepanda alikuwa mchungaji mwenye tumbo, na nilimwambia asimame wima aache kulivuta ndani.

Jambo moja tu lilinikera. Mwenyekiti, ambaye siku zote aliketi mbele kupokea wateja, alihamisha kiti chake akaja kukaa karibu na meza yangu. Alisema ni kwa sababu ya mwanga. Mwanga wa pale ulikuwa unampiga machoni mchana kutwa. Nilijua alichokuwa akifanya, nikanyamaza, na wanaonijua watakuambia hilo si jambo dogo.

Ruhusa yetu ilikuwa ya muda. Afisa alituambia wazi: atakuja mchana wowote, atapiga kengele, na atasimama kichochoroni atazame tunavyotoka. Akiridhika, ataidhinisha. Asiporidhika, kuna watakaohamia chini. Safari hii hakuniruka kwa macho.

Alikuja siku yenye kazi nyingi. Kengele ikalia, tukaacha kila kitu kilipo, tukaelekea mlango wa nyuma. Nilikuwa kati ya wa kwanza kutoka. Nikashika reli, nikakusanya magongo mkono wa pili, nikaanza kushuka. Nyuma yangu nikasikia miguu. Mshona vifungo akanipita, akasema, "Samahani, mama," akaenda. Akapita mwingine, na mwingine. Hakuna aliyenigusa. Nilianza kutabasamu peke yangu kwenye ngazi.

Kisha akaja mwenyekiti, akafika kando yangu, na hakupita. Alishuka kipandio nilichoshuka, akasimama niliposimama, mkono wake umenyooshwa nyuma ya mgongo wangu bila kunigusa, kama unavyomlinda mtoto anayejifunza kutembea. Waliokuwa nyuma yake wakasimama. Ngazi ikaziba.

Tulipofika chini afisa alimuuliza, "Mama, mbona hukumpita?"

"Nilikuwa naye."

"Naona. Na hao walio nyuma walikuwa wanawangoja ninyi." Akanitazama, na niliona hapendi atakalolisema. "Kama huyu mama akiwa kwenye ngazi watu wanasimama, sitaweza kuandika kwamba akae juu."

Mwenyekiti akaanza kulia. Mwanamke mkubwa yule, mwenye sauti ya kuamrisha mtaa mzima, alilia mbele ya majirani waliotoka kutazama. "Nilimwacha mara moja," akamwambia afisa. "Nilishika nguo nikamwacha. Siwezi tena, hata kwa mazoezi."

Nilikuwa na hasira kali. Nilikuwa namhurumia pia, na hizo mbili kwa pamoja ni mzigo mbaya. Nikamwomba afisa arudie mara moja tu. Akakubali. Nikamvuta mwenyekiti kando, karibu na ukuta, nikamwambia yaliyokuwa moyoni.

"Hii ngazi imekatwa kwa kipimo chako. Mzee amevunja stoo ya babu yake ili wewe unipite. Ukisimama, umenirudisha Otonglo, watu waniwekee sarafu mezani. Unaelewa?"

"Naelewa."

"Basi nipite. Usinishike, usinisemeshe. Na usigeuke."

"Hata nikifika chini?"

"Hata ukifika chini."

Tukarudi juu, kila mtu mahali pake. Kengele ikalia. Nikatoka, nikashika reli, nikaanza. Wakanipita kama mara ya kwanza. Nikamsikia anakuja, naijua pumzi yake na makubadhi yake. Akafika kipandio kimoja juu yangu, na makubadhi yakanyamaza. Nilitazama mbele nikashuka kipandio changu, nikashuka kingine. Kisha nyonga yake ikagusa kiwiko changu, ikapita, na nikaona mgongo wake mpana ukishuka mbele yangu, mabega yanatikisika, kichwa kimenyooka. Waliobaki wakamfuata.

Nikabaki peke yangu kwenye ngazi. Hilo ndilo nililolitaka miezi yote ile, na nilipolipata liliniuma kidogo, sitaki kudanganya. Nilishuka kwa mwendo wangu, sikuharakisha na sikuchelewa. Afisa alikuwa ananitazama mimi tu, na wenzangu wote walikuwa wananitazama, isipokuwa mmoja. Mwenyekiti alikuwa amesimama kichochoroni, uso wake umeelekea ukuta, mikono ameifunga kifuani, kama nilivyomwagiza. Nikafika chini, nikapanga magongo yangu, nikamwendea. Nikamgusa bega, nikamwambia sasa anaweza kugeuka.